Nukta ya Chaki Mlangoni

Nilifika Shinani mwaka ule niliostaafu. Jinsi nilivyofika haimsaidii msomaji kitu, kwani njia zake zina vumbi kama za kwingine, na mpakani wanauliza maswali yaleyale. Ninachotaka kukisimulia ni nilichokiona baada ya kufika, nami nakisimulia kama karani, maana ndiyo kazi pekee niliyoijua. Miaka ishirini na mitatu nilikaa masjala ya wilaya nikifungua faili na kufunga faili. Mtu wa namna hiyo akienda nchi ya watu haangalii milima wala maua. Anaangalia wanavyotunza karatasi zao.

Na Shinani, jamani, wanazitunza! Nchi nzima ina nyumba moja tu ya karatasi, inaitwa Shina. Ina mlango mkuu mmoja. Ukishaingia unakuta mabawa, ndani ya bawa kuna vyumba, ndani ya chumba kuna vyumba vingine, na ndani ya hivyo kuna makabati ambayo ukiyafungua migongoni mwake kuna mlango wa kwenda chumba kingine tena. Kila karatasi ina anwani yake, nayo husomwa kuanzia mlango mkuu: Shina, kisha bawa, kisha chumba, kisha chumba cha ndani, mpaka kuifikia karatasi yenyewe. Watu wamezoea hivyo hata majumbani. Nilimsikia mama mmoja akimwambia binti yake chumvi iko nyumbani, jikoni, rafuni, koponi, na binti akaona ni jambo la kawaida.

Juu ya mlango mkuu wamechonga sheria mama ya nchi: KISICHOPATIKANA HAKIKUWAHI KUWEPO. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikapelekwa kulala nyumba ya wageni, nikamkuta mwenyeji wangu akimwita mkewe wa miaka kumi na tisa "dada", na akila chakula chake barazani. Hati yao ya ndoa ilikuwa imetafutwa mwezi uliopita, haikupatikana. Watoto wao watano walikuwa wakimwita baba yao "mjomba", kwa heshima zote, mpaka jambo lijulikane. Sikucheka tena.

Anayetafuta karatasi haingii vyumbani kabla ya kupewa anwani. Anakwenda dirishani, na dirishani kuna Daftari. Ni kitabu kikubwa kuliko meza ya kulia chakula, kimetandikiwa kitambaa cha kijani na kujengewa paa lake dogo ndani ya ukumbi, kana kwamba mvua ingeweza kukifikia humo. Ndani yake yameandikwa majina ya karatasi zote na anwani zake. Mkuu wa Daftari aliitwa Bwana Shekuwe, mtu mpole, mnene, mwenye vidole laini, na sitaki kumsingizia: alikuwa hodari. Ukimtajia jina, kabla hujamaliza kupiga chafya ameshakupa jibu.

Shida ni kwamba Daftari huandikwa mara moja kwa mwaka, na makarani huliandika wakipita mbio kwenye ushoroba. Kilichoingia baadaye hakimo. Kilichoondoka bado kimo. Nilimwona mzee mmoja akipewa anwani ya wosia wa baba yake. Alikwenda mpaka kwenye rafu akakuta mchwa wameumaliza, akarudi na vumbi la mchwa kiganjani kama ushahidi.

"Upo," Bwana Shekuwe akamwambia bila hasira. "Daftari linasema upo. Kaangalie vizuri."

Mzee akarudi kuangalia vizuri. Naamini bado anaangalia.

Asiyekumbuka jina lote huruhusiwa kutaja mwanzo wake na kumalizia kwa neno "nyota", na nyota hushika nafasi ya chochote kile. Akisema "barua nyota" ataletewa barua zote, za posa na za matusi. Kijana mmoja mvivu alifika akasema "nyota" tu, akakunja mikono. Ilibidi wamchimbue kwa majembe. Na ole wake anayetaja jina kwa herufi kubwa wakati liliandikwa kwa ndogo, maana Shinani hizo ni koo mbili zisizosalimiana.

Basi siku yangu ya nne, nikiwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini nikiandika haya, aliingia mwanamke wa miaka kama hamsini, mrefu, miguu imejaa udongo mkavu mpaka magotini. Jina lake Bi Nakijwa, msimamizi wa mfereji wa Mbondeni. Sikuhitaji kumdadisi, kwani alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka shamba hadi shamba.

"Natafuta mkataba wa maji," alisema. "Kati ya Kileleni na Mbondeni. Mwaka wa nzige. Nilikuwepo ulipoandikwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino."

Bwana Shekuwe akageuza kurasa. "Hakuna mkataba wa maji wa mwaka wa nzige."

"Tafuta makubaliano."

"Hakuna."

"Tafuta mapatano. Tafuta maji nyota. Tafuta nyota maji."

Akatafuta vyote, kwa uungwana, bila kuchoka. "Mama, haupo. Na kama haupo, haukuwahi kuwepo. Pole sana."

"Haukuwepo vipi na wino wake ulinimwagikia hapa?" Akaonyesha kifundo cha mkono. Palikuwa na ngozi tupu, bila shaka, baada ya miaka arobaini. Watu wa kwenye foleni wakainamisha vichwa kwa aibu ya kumwonea aibu.

Nilisogea, nikamwomba akae nami. Akanieleza kwa kifupi. Watu wa Kileleni wako juu, kwenye chemchemi. Watu wa Mbondeni wako chini. Mfereji mmoja unawalisha wote kwa zamu, na lango liko Kileleni. Siku tisa zilizopita Kileleni walifunga lango, wakasema zamu hizo ni hadithi za bibi, kama kuna mkataba uonyeshwe. Mbondeni mahindi ndiyo kwanza yametoa mbelewele, wakati ambao ukiyanyima maji wiki mbili unavuna mabua. Baraza la Shina lilikuwa limetoa muda. Kesho yake, saa sita mchana, ikiwa mkataba haujapatikana, lango lingezibwa kwa mawe na chokaa, na Mbondeni ingekuwa nchi ya kupanda mihogo na kuhama.

"Kaya mia mbili na sita," akasema. "Mimi ndiye waliyenituma. Nikirudi mikono mitupu nitawaangaliaje?"

Nilishikwa na jambo ambalo sikulitegemea. Nilimtazama Bwana Shekuwe pale dirishani na nikajiona mwenyewe. Ni mara ngapi, katika miaka ishirini na mitatu, nilimwambia mtu "faili halionekani, njoo kesho" bila kuinua makalio yangu kutoka kitini? Nilikuwa naangalia rejista, namba haipo, basi. Sikuwa mkatili. Nilikuwa nimekaa tu. Uso ulinichoma kwa haya, na haya hiyo ikageuka hasira, na hasira yangu ina sifa moja nzuri: hunisimamisha.

"Hakuna mtu nchi hii anayeingia vyumbani kuangalia kwa macho bila kupewa anwani?" nikauliza kwa sauti.

Mtu aliyekuwa akifagia karibu na miguu yetu akasimamisha ufagio. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye ndala za matairi.

"Shikamoo mama," akaninong'oneza. "Wapo. Tulikuwepo. Mimi ni mmoja wao."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mbonea. Mtembezi. Sasa mfagizi."

Tukamfuata nje kwenye kivuli cha ukuta, naye akatueleza. Zamani, kabla ya Daftari kupewa paa, Shina ilikuwa na Watembezi. Ulimwambia Mtembezi sentensi moja: aanzie wapi, ashike nini, na akishakipata akifanye nini. Alikwenda chumba kwa chumba mpaka mwisho. Alichelewa, lakini alichokuambia alikuwa amekiona. Kasoro yao ilikuwa moja: walitii maneno kwa mpangilio yalivyosemwa, hawakubahatisha nia ya msemaji. Ndipo siku moja waziri mmoja, akitaka kupunguza nyaraka kuukuu, akasema, "Anzia bawa la kaskazini, choma, zile za zamani." Mtembezi akaanzia bawa la kaskazini, akachoma. Alipofika kwenye "zile za zamani" hapakuwa na kilichobaki cha kuchagua.

"Waziri wakamfanya nini?" nikauliza.

"Alipewa nishani ya kuvumilia msiba. Sisi tukapewa mafagio."

Hata hivyo sheria ya kutembea haikuwahi kufutwa, kwa sababu karatasi ya kuifuta ilipotafutwa haikupatikana. Raia yeyote angeweza kumtuma Mtembezi, mradi atamke sentensi mbele ya Baraza na kuapa kwamba ikileta madhara, yeye ndiye atakayefungwa. Miaka ishirini na nane hakuna aliyethubutu.

"Mimi nitaapa," Bi Nakijwa akasema.

"Mama, usiape haraka," Mbonea akasema. "Sentensi ndiyo itakayokuponza."

Hapo ndipo ukarani wangu ulipopata thamani ambayo haukuwahi kuipata nyumbani. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuinama, tukiitengeneza sentensi ile kama watu wanaosuka jamvi. Tutafute jina gani? Hatukulijua, na mimi najua jinsi makarani wanavyoyapa mafaili majina. Nimewahi kuliona faili liitwalo "Muhimu", na kando yake "Muhimu Mpya", na kando yake "Muhimu Mpya ya Mwisho Kabisa". Nikasema tuache jina. Tutafute kilichoandikwa ndani.

"Unakumbuka neno lolote la mkataba wenyewe?" nikamuuliza. "Si maana yake. Maneno yalivyo."

Bi Nakijwa hakufikiri. "Kila msimu tunapofungua mfereji tunalisema. 'Zamu mbili juu, zamu moja chini, na mwaka wa njaa sawa kwa sawa.' Mzee wa Kileleni ndiye aliyelitamka, karani akaliandika, mimi nikiwa nimeshika kidau."

"Basi hilo."

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Baraza likakutana. Wajumbe wa Kileleni walikuwepo, wamevaa vizuri, na chokaa yao walikuwa wameshaichanganya. Niliiona kwenye ndoo nje. Mwenyekiti alikuwa mama mkavu mwenye miwani, ambaye nilimwona hapendi upande wowote, na hilo kwangu lilitosha. Bi Nakijwa akasimama katikati, akainua mkono, akaapa, akatamka:

"Anzia Shina. Ruka Bawa la Pongezi. Ingia kila chumba kingine, na kila chumba kilicho ndani yake, mpaka mwisho. Shika karatasi tu, usishike makabati. Acha iliyoandikwa chini ya miaka thelathini. Soma ndani. Ukikuta 'zamu mbili juu, zamu moja chini', taja anwani yake kwa sauti. Usiichukue, usiihamishe, usiichome."

Nalazimika kueleza Bawa la Pongezi. Karibu nusu ya Shina ni barua za kuwapongeza viongozi kwa kuteuliwa, kwa kusafiri, kwa kurudi salama na kwa kupokea pongezi. Mbonea alikuwa amehesabu kwamba kulipita bawa hilo peke yake kungechukua siku mbili. Mwenyekiti alisita kidogo kwenye neno "ruka", kisha akaruhusu.

"Mtembezi ni mmoja," Bwana Shekuwe akasema kwa upole wake, "na vyumba ni elfu kumi na mbili, na saa sita haiko mbali. Sipingi. Nasikitika tu."

Mbonea akaingiza vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Sijui nielezeje kilichofuata nisionekane naongeza chumvi. Kutoka kila kona ya ukumbi, ngazini, uani, chooni, wakatokea wafagizi. Walikuwa arobaini na moja. Wakasimamisha mafagio yao ukutani, yote kwa mstari, wakajipanga nyuma ya Mbonea. Wote walikuwa Watembezi. Miaka ishirini na nane walikuwa wakifagia nyumba ileile waliyoijua kwa miguu, wakingoja mtu mmoja aseme sentensi. Mbonea akawagawia mabawa, na wakaingia.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa balaa. Kuna vyumba vingi Shinani ambavyo mtu wa kawaida haruhusiwi kuingia, na kanuni inamtaka Mtembezi akikuta mlango wa namna hiyo apige kelele "Sina ruhusa!" Basi nyumba nzima ikalia. Sina ruhusa! Sina ruhusa! Huku na kule, juu na chini, mpaka vioo vikatetemeka. Hata kama kuna aliyeupata mkataba, nani angemsikia? Wajumbe wa Kileleni wakaanza kucheka waziwazi.

Nikamfuata Mwenyekiti. "Mheshimiwa, kanuni inasema wapige kelele. Inasema wapigie wapi?"

Akafungua kitabu chake cha kanuni, akasoma, akasoma tena. "Haisemi."

Sasa, katika kila ushoroba wa Shina kuna bomba la bati lenye mdomo mpana, limeandikwa MALALAMIKO YA WANANCHI. Mabomba yote hushuka mpaka uani na kumwaga ndani ya shimo linaloitwa Shimo Lisilojaa. Kila mwaka kiongozi mmoja huja kulikagua, hutazama ndani, husema halijajaa, na hupigiwa makofi. Nikaomba Watembezi waambiwe wapigie kelele zao humo. Amri ikapita kutoka mdomo hadi mdomo, na kelele zikaanza kuzimika bawa baada ya bawa, mpaka nyumba ikawa kimya kabisa. Ni mara ya kwanza, nadhani, shimo lile kumfaa mwananchi.

Saa tatu. Saa nne. Kimya. Shinani kimya hakina maana moja. Mtumishi aliyemaliza kazi vizuri hasemi kitu, na aliyekosa naye hasemi kitu. Bi Nakijwa alikaa na mikono mapajani, midomo ikichezacheza, na nilijua anahesabu kaya. Saa tano ikapita. Mjumbe mmoja wa Kileleni akatoka kwenda kukoroga chokaa yake isigande.

Saa tano na dakika arobaini, sauti moja ikaja kutoka mbali, si ya kelele, bali ya mtu anayesoma:

"Shina! Bawa la Maji! Chumba chenye nukta! Mengineyo ya Nne!"

Mengineyo! Nilijipiga paji la uso. Karani aliyekosa jina la kuupa mkataba uliobeba maisha ya watu wale wote aliuandika "Mengineyo". Namjua karani huyo. Nimekaa naye ofisi moja, nimekunywa naye chai.

Bi Nakijwa alikuwa ameshasimama. Lakini Bwana Shekuwe naye alisimama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Daftari halina chumba hicho. Bawa la Maji lina vyumba kumi na saba, na hakuna chenye nukta. Karatasi iliyopatikana mahali pasipokuwepo haijapatikana."

Na hapo, msomaji, Baraza likaanza kujadili. Nimeona mijadala kwetu, lakini huu uliipita yote. Mjumbe mmoja akauliza kama kitu kinaweza kuwemo ndani ya kisichokuwepo. Mwingine akapendekeza kamati. Wa tatu akasema karatasi ikubaliwe lakini chumba kikataliwe. Mkono wa saa unasogea. Nikamvuta Mbonea pembeni, nikamuuliza hii nukta ni nini.

"Desturi tu, mama," akasema. "Zamani chumba kikiwa kinafagiliwa tulichora nukta ya chaki mlangoni, wageni wasiingie. Ukimaliza unaifuta. Mwaka mmoja vitambaa viliadimika, nukta zikabaki. Watu wakaona ni adabu kutoziangalia. Kisha makarani wakagundua kwamba chumba chenye nukta hakiulizwi. Mwenye kazi nyingi akachora nukta, akaenda nyumbani mapema."

"Na nyie?"

"Sisi nani anatuhesabu? Tunaingia tu. Wala havina kufuli. Nani afunge mlango asiouona?"

Nilimgeukia Bi Nakijwa nimweleze, lakini alikuwa amesikia yote na ameshaondoka. Alimkamata Mwenyekiti mkono, kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara, akamtoa kitini. Hakuna aliyewahi kumgusa Mwenyekiti, kwa hiyo hapakuwa na kanuni ya kulizuia. Baraza zima likawafuata, Bwana Shekuwe nyuma, mimi nikikimbia na madaftari yangu. Ushoroba wa Bawa la Maji una mlango mmoja hadi wa kumi na saba, na kati ya wa tisa na wa kumi kuna mlango mwingine, mkubwa, wa mbao nzuri. Juu ya kitasa kulikuwa na nukta ndogo ya chaki, ndogo kuliko punje ya mtama. Mbele yake alisimama Mtembezi aliyeusoma mkataba, akitokwa jasho. Wajumbe wakaanza kutazama dari. Wengine wakatazama viatu vyao. Adabu ilikuwa imewashika shingo.

"Unaona nini hapa?" Bi Nakijwa akamuuliza Mwenyekiti.

"Ukuta," akajibu yule mama, na naapa kwamba hakuwa anadanganya.

Bi Nakijwa akashika pindo la kanga yake, akalilowesha kwa mate, akaifuta nukta.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa, akaweka kiganja juu ya mbao. "Mlango," akasema. Kisha kwa sauti ya kushangaa kama msichana, "Lakini mimi hupita hapa kila asubuhi!"

Akausukuma, ukafunguka bila hata kulia. Ndani mlikuwa na rafu mpaka dari, vumbi limekaa kama unga, na kwenye rafu ya chini bunda lililofungwa kamba ya katani. Mengineyo ya Nne. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeisoma karatasi, mbele ya wote, na alipofika "na mwaka wa njaa sawa kwa sawa" mjumbe mkubwa wa Kileleni akakaa chini sakafuni pale pale. Sahihi ya mwisho ilikuwa ya baba yake. Pembeni mwa sahihi kulikuwa na doa la wino, na kwenye doa alama ya kidole kidogo sana, cha mtoto. Bi Nakijwa aliweka kidole chake juu yake, akalia kwa sauti bila kujificha, na mimi nikalia naye.

Saa ya ukumbini ikapiga sita. Mwenyekiti akasema, "Umepatikana."

Hapo Watembezi hawakungoja sentensi. Wakachukua ndoo na vitambaa, wakatawanyika wakifuta nukta nyumba nzima, na kila walipofuta mtu alipiga kelele ya kuona mlango. Kabla ya alasiri zilikuwa zimepatikana hukumu za kuwaachia huru watu wanne waliokuwa bado gerezani, ramani ya barabara ambayo nchi iliamini haikuchorwa, na hati moja ya ndoa. Nilimtuma mtu akimbie nyumba ya wageni kumwambia mwenyeji wangu arudi mezani. Bwana Shekuwe alizunguka kutoka chumba hadi chumba, mikono mgongoni, akigusa rafu kwa vidole vyake laini. Nilimkuta amesimama peke yake mbele ya kabati.

"Dada mgeni," akasema, "mimi sijawahi kuingia huku."

"Najua," nikamwambia. "Hata mimi kwangu sikuwahi." Nikamwonyesha jinsi ya kushika bunda kuukuu lisipasuke. Hakuwa mtu mbaya.

Baraza lilitunga sheria mpya jioni hiyohiyo: Watembezi warudishiwe kazi yao, Daftari libaki kwa wenye haraka, na kukitokea ubishi kati ya kitabu na chumba, chumba kishinde. Sheria ikapigwa mhuri, ikapelekwa kuhifadhiwa. Karani aliyeihifadhi akatoa chaki mfukoni kwa mazoea, na Mbonea akamnyang'anya.

Kesho yake niliteremka Mbondeni pamoja na Bi Nakijwa. Watu walikuwa wamejipanga kando ya mfereji mkavu tangu alfajiri, wazee, wanawake na watoto. Mahindi yalikuwa yamekunja majani. Kisha mtu wa juu kabisa akapiga ukunga, na wa pili akaupokea, ukateremka mlima kutoka kinywa hadi kinywa, na nyuma yake yakaja maji. Yalikuja na majani makavu na povu la kahawia mbele, yakigeuka kila pembe kama yanakumbuka njia. Vigelegele! Watu wakarukia ndani ya mfereji na nguo zao. Mjumbe mkubwa wa Kileleni, aliyelifungua lango kwa mkono wake, alikuwa anateremka ukingoni akiyasindikiza, suruali imekunjwa, na kulikuwa na mtu aliyemkumbatia.

Bi Nakijwa hakucheza. Alinawa uso mara moja, akanyoosha mgongo, akatupa macho mashambani.

"Haya, majembe!" akaita kwa sauti ile ya shamba hadi shamba. "Mnacheza nini? Zamu yetu ni moja, na imeshaanza! Anzeni shamba la mwisho kule chini, lililokauka zaidi. Nani ana jembe la mgeni?"

Mtu akanipa jembe. Nikavua viatu, nikaweka madaftari yangu juu ya jiwe, nikaingia majini.